Hifadhidata na Zana Zake kwa Wasanidi Programu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wasanidi programu wanaoanza, na hata baadhi ya waliokwisha kubobea, huuliza wanapotafuta mahali pa kuweka data za programu zao. Pale nilipo na msimamo nimeusema wazi, kwa sababu mtu anayeuliza njia hasaidiki akiambiwa kwamba njia zote ni nzuri.

Kwa nini nihitaji hifadhidata ilhali lahajedwali la Excel linanitosha?

Lahajedwali linatosha maadamu anayeandika ni mtu mmoja, data ni chache, na kosa halimwumizi mtu. Mambo hubadilika siku makarani wawili wa duka la vifaa vya ujenzi wanapouza mfuko ule ule wa mwisho wa saruji kwa dakika moja, kila mmoja akiwa na nakala yake ya faili. Hifadhidata, ambayo wengine huiita kanzidata, ni mfumo unaosimama kati ya data na wote wanaoitaka. Mfumo huo huamua nani aandike kwanza, hukataa thamani isiyokubalika, na huhakikisha kwamba hatua zinazotegemeana zinafanyika zote au hazifanyiki kabisa. Kundi hilo la hatua ndilo tunaloliita muamala: kupunguza bidhaa ghalani na kuandika mauzo ni jambo moja, hata umeme ukikatika katikati.

Mwezi Oktoba 2020 nchini Uingereza, taarifa za karibu watu 16,000 waliothibitika kuwa na virusi vya korona hazikuingia katika hesabu za taifa kwa wakati, kwa kuwa zilipitishwa katika muundo wa zamani wa mafaili ya Excel ambao hauvuki safu mlalo 65,536. Zilizozidi ziliachwa nje, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Excel haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na hifadhidata ya kawaida kabisa ingeibeba bila taabu.

Wasanidi programu duniani wanatumia hifadhidata zipi zaidi?

Katika utafiti wa mwaka 2024 wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya wasanidi, ambao huwauliza makumi ya maelfu ya wasanidi, karibu asilimia 49 walisema wanatumia PostgreSQL, takriban asilimia 40 MySQL, na asilimia 33 SQLite. Microsoft SQL Server na MongoDB zilifuata, kila moja ikiwa na takriban robo ya waliojibu. Jumla inazidi mia kwa sababu msanidi mmoja hutumia zaidi ya moja. PostgreSQL iliipita MySQL katika utafiti huo mwaka 2023, na tangu hapo pengo limezidi kupanuka.

Ukitazama orodha ya DB-Engines, tovuti inayopanga hifadhidata kwa umaarufu, utakuta mpangilio mwingine, Oracle ikiwa juu na PostgreSQL nafasi ya nne, nyuma ya MySQL na SQL Server. Orodha zote mbili ni za kweli, lakini zinapima vitu tofauti. DB-Engines huhesabu mara ambazo mfumo unatajwa mtandaoni, unatafutwa, au unawekwa kwenye matangazo ya kazi, kwa hiyo mabenki na mashirika makubwa yenye mifumo ya miaka mingi huipa Oracle uzito mkubwa. Anayeanza mradi mpya leo anafanana zaidi na waliojibu Stack Overflow.

Kwa nini SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, bado inatawala baada ya nusu karne?

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali yanayohusiana, na kwamba mtumiaji aseme anachotaka bila kueleza kilikohifadhiwa wala namna ya kukifikia. Kabla ya hapo, programu ililazimika kujua njia yenyewe ya kupita kutoka rekodi moja hadi nyingine, na mpangilio ukibadilika programu ilivunjika. Mwaka 1974 wenzake Codd, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, waliandika lugha waliyoiita SEQUEL, ambayo baadaye ilifupishwa kuwa SQL kwa sababu ya mgogoro wa alama ya biashara. Ikawa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 1986 na cha kimataifa mwaka 1987.

Siri ya uhai wake ni hilo wazo la Codd. Hoja, yaani swali kwa hifadhidata, uliyoiandika miaka 20 iliyopita inaweza kuendeshwa leo kwa kasi kubwa zaidi bila kuguswa, kwa kuwa kazi ya kutafuta njia fupi ni ya mfumo.

Nichague PostgreSQL au MySQL?

Kwa mradi mpya ambao hauna sababu maalumu, ninapendekeza PostgreSQL.

Ilianza kama mradi wa POSTGRES katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, ikapata jina lake la sasa mwaka 1996, na haimilikiwi na kampuni yoyote. Ina aina nyingi za data, hushika masharti kwa ukali, na hukubali nyongeza. Mojawapo ya nyongeza hizo ni PostGIS, inayoiwezesha kujibu maswali ya ramani, kwa mfano zahanati zipi zipo ndani ya kilomita tano kutoka kijiji fulani. Hifadhidata kuu ya OpenStreetMap ni PostgreSQL. DHIS2 pia, mfumo wa taarifa za afya ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, hukaa juu ya PostgreSQL. Muuguzi anayejaza takwimu za kliniki ya mama na mtoto mwisho wa mwezi anaitumia pasipo kuisikia ikitajwa.

MySQL si chaguo la aibu. Iliundwa mwaka 1995 na Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson, na ndiyo iliyozoeleka kwenye huduma za bei nafuu za kupangisha tovuti, pamoja na WordPress. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao historia yake imefungamana na mpango wa AMPATH wa Eldoret, Kenya, ulijengwa juu yake. Oracle ilipoinunua Sun Microsystems mwaka 2010 na kuipata MySQL ndani yake, Widenius alikuwa tayari ameanzisha tawi lake lililotokana na msimbo ule ule, MariaDB, ambalo leo ndilo linalokuja na mifumo mingi ya Linux. Neno My ni jina la binti yake mkubwa, na Maria ni la mdogo.

Ukirithi hifadhidata ya zamani ya MySQL, angalia jambo moja kabla ya mengine yote: seti ya herufi iitwayo utf8 katika mfumo huo huhifadhi baiti tatu tu kwa kila herufi, kwa hiyo vikaragosi vya simu (emoji) hukataliwa au hukata maandishi. Inayofaa ni utf8mb4, ambayo imekuwa chaguo-msingi tangu toleo la 8.0 la mwaka 2018.

Je, SQLite ni hifadhidata ya kweli au ni ya mazoezi?

Ni ya kweli, na huenda simu uliyoishika ina makumi ya hifadhidata zake. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 alipokuwa akifanya kazi ya programu ya meli ya kivita ya Marekani, akataka kitu ambacho hakikwami kwa sababu seva ya hifadhidata imezimika. Jibu lake lilikuwa kuondoa seva kabisa: hifadhidata nzima ni faili moja, na maktaba inayolisoma imo ndani ya programu yenyewe. Msimbo wake ni mali ya umma, hauna leseni ya kuomba, na watunzaji wake wameahidi kuusaidia hadi mwaka 2050.

Kwa programu ya simu inayotumiwa mahali ambapo mtandao huja na kupotea, kama ya afisa ugani anayesajili mashamba ya kahawa na kutuma data akifika mjini, sioni chaguo bora kuliko hili. Kikomo chake ni kwamba mwandishi ni mmoja kwa wakati mmoja. Wasomaji wanaweza kuwa wengi, hasa ukiwasha hali ya WAL, ambayo huandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, lakini mfumo wenye makarani mamia wanaoandika kwa pamoja unahitaji seva.

MongoDB na nyingine zisizotumia SQL zinafaa lini?

MongoDB, iliyotolewa mwaka 2009, huhifadhi nyaraka zinazofanana na JSON, yaani maandishi ya majina na thamani zake, kila moja ikiwa na umbo lake. Inafaa pale data zenyewe zinapotofautiana kwa asili: orodha ya bidhaa ambamo simu ina ukubwa wa betri na shati lina upana wa mabega, au fomu za utafiti zinazobadilika kila msimu. Waraka mmoja hauvuki megabaiti 16, na miamala inayogusa nyaraka nyingi ilikuja mwaka 2018 katika toleo la 4.0.

Wengi huichagua kwa sababu hawataki kuamua muundo wa majedwali mapema. Sababu hiyo naiona dhaifu. Muundo haukwepeki; usipouandika kwenye hifadhidata utauandika kwenye msimbo, umetawanyika, na atakayekuja baada yako atalazimika kubahatisha kama sehemu iitwayo simu ni neno, namba au orodha. Tena PostgreSQL ina aina ya data iitwayo jsonb, inayokuruhusu kuweka sehemu isiyo na umbo ndani ya jedwali lililo na umbo, na hilo limetosha katika kazi nyingi nilizoziona.

Firestore, hifadhidata ya nyaraka ya Google inayokaa mtandaoni, hupendwa na watengenezaji wa programu za simu kwa kuwa husawazisha data yenyewe mtandao unaporudi. Ni kweli inaharakisha mwanzo. Kumbuka tu kwamba malipo yake huhesabiwa kwa idadi ya nyaraka zinazosomwa na kuandikwa, hivyo skrini iliyoandikwa vibaya inaweza kusoma maelfu ya nyaraka kila inapofunguliwa.

Redis ni ya kazi gani?

Ni ya vitu vya muda mfupi vinavyohitaji kasi, kwa sababu huweka data kwenye kumbukumbu ya RAM: vipindi vya watumiaji walioingia, misimbo ya uthibitisho inayoisha baada ya dakika tano, foleni za ujumbe, na majibu ya hoja nzito yasiyohitaji kukokotolewa upya. Ilianzishwa na Mwitaliano Salvatore Sanfilippo mwaka 2009. Leseni yake ilipobanwa mwezi Machi 2024, wachangiaji wake kadhaa walianzisha tawi huria liitwalo Valkey chini ya Linux Foundation, na kwa matumizi ya kawaida moja hushika nafasi ya nyingine. Usiifanye makazi pekee ya data ambayo ukiipoteza utalia.

Na Oracle na SQL Server?

Ni mifumo imara. Ukiajiriwa benki, kampuni ya simu au idara ya serikali, kuna uwezekano mkubwa wa kuikuta na utajifunza huko. Kwa mtu anayejenga kwa fedha zake mwenyewe, gharama ya leseni inatosha kuamua.

Nitumie zana gani kutazama na kuhariri data?

Anza na mstari wa amri: psql kwa PostgreSQL, mysql kwa MySQL, sqlite3 kwa SQLite. Zinaonekana ngumu siku mbili za kwanza, lakini ndizo utakazozikuta kwenye seva ya mbali usiku jambo likiharibika, wakati mtandao ni wa polepole na hakuna dirisha lolote la kubofya.

Kwa kazi ya mchana, DBeaver ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Toleo lake la jumuiya ni la bure na huria, na huunganishwa na karibu kila hifadhidata iliyotajwa hapa. pgAdmin ni ya PostgreSQL pekee, MySQL Workbench ni ya MySQL, na DB Browser for SQLite ni nyepesi na inatosha kabisa kwa mafaili ya simu. DataGrip ya JetBrains ni nzuri, ila kwa kazi ya biashara hulipiwa. phpMyAdmin, iliyoanza mwaka 1998, bado ipo karibu kila mahali panapopangishwa tovuti za PHP. Usiiache wazi kwenye anwani inayokisika, maana wavamizi huibisha hodi mchana na usiku.

Ninatumia Django au Laravel. Je, bado nahitaji kujifunza SQL?

Ndiyo. Mifumo hii ya kujengea programu za wavuti hukuandikia SQL na hukuepusha na uchovu mwingi, pia huweka kumbukumbu ya kila badiliko la muundo wa majedwali, jambo ambalo kwa mifumo mingine hufanywa na Flyway au Liquibase. Hata hivyo huficha gharama. Ukurasa unaoorodhesha wanafunzi 200 pamoja na majina ya shule zao unaweza kutuma hoja moja ya kupata wanafunzi, kisha nyingine 200, moja kwa kila shule, ilhali hoja moja inayounganisha majedwali mawili ingetosha. Kwenye kompyuta yako hutaona tofauti. Kwenye seva yenye watumiaji wengi ukurasa utakwama.

Jifunze kuweka neno EXPLAIN mbele ya hoja, mfumo ukuoneshe njia inayokusudiwa. Ukiona jedwali kubwa linasomwa lote ili kupata safu mlalo tatu, mara nyingi kinachokosekana ni faharasa (index), orodha inayouelekeza mfumo data ilipo, kwenye safu wima unayotafutia. Lakini usiweke faharasa kila mahali, kwa kuwa kila moja huongeza kazi wakati wa kuandika.

Fedha, namba za simu na saa zihifadhiwe vipi?

Hapa ndipo nilipoona makosa mengi kuliko mahali pengine popote, na mengi hayarekebishiki baadaye.

Fedha zisihifadhiwe katika aina ya desimali inayoelea (FLOAT), ambayo hutunza makadirio: humo 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili. Tumia NUMERIC au DECIMAL, au namba kamili ya senti. Niliwahi kuitwa na chama kimoja cha kuweka na kukopa ambacho jumla ya akiba za wanachama haikuoana na daftari kwa shilingi kadhaa kila mwezi. Mhasibu alikuwa ameshaanza kutazamwa kwa jicho la shaka kabla hatujagundua kwamba kosa lilikuwa katika aina ya safu wima, na hilo lilinifundisha kwamba uamuzi wa dakika moja wa msanidi unaweza kuchafua jina la mtu.

Malipo ya simu yana msimbo wa kipekee kwa kila muamala. Weka sharti la upekee, yaani UNIQUE, kwenye safu wima hiyo, kwa sababu taarifa ya malipo inaweza kutumwa kwako mara mbili mtandao ukisuasua, na hifadhidata ndiyo inayopaswa kuikataa ya pili. Kuangalia kwanza ndani ya programu kisha kuandika hakutoshi: taarifa mbili zikifika pamoja, zote zitaona nafasi ni tupu.

Namba za simu ni maandishi. Ukiziweka kama namba, sifuri ya mwanzo hupotea. Zihifadhi zote katika umbo moja lenye msimbo wa nchi, +255, +254 au mwingine, la sivyo mteja mmoja atasajiliwa mara tatu.

Kuhusu saa, tumia timestamptz katika PostgreSQL, ambayo hutunza wakati kwa kipimo cha UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, kisha ubadilishe unapoonesha. Afrika Mashariki si saa moja yote: Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko UTC+3, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi UTC+2, na Kinshasa UTC+1. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam hadi Kigali ikiandika saa bila ukanda wake itauza tiketi zenye saa moja ya uongo. Saa za Kiswahili nazo ni suala la kuonesha tu. Andika 07:00 kwenye jedwali, umwoneshe abiria saa moja asubuhi.

Je, hifadhidata zinaweza kutafuta maneno ya Kiswahili?

Zinaweza, lakini hazitujui vizuri. PostgreSQL ina utafutaji wa maandishi wenye kanuni za lugha nyingi, na Kiswahili hakimo. Kanuni hizo kwa sehemu kubwa hukata miisho ya maneno, wakati Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni: kitabu na vitabu, anasoma na walisoma. Usitumie mpangilio wa Kiingereza kwa maandishi ya Kiswahili. Tumia ule uitwao simple, ambao hubadilisha tu herufi kubwa kuwa ndogo.

Kisha ongeza pg_trgm, nyongeza ya PostgreSQL inayolinganisha maneno kwa vipande vya herufi tatu tatu. Kwa kipimo chake, kitabu na vitabu hufanana kwa 0.4, na mwalimu na walimu kwa 0.5, zote zikivuka kizingiti cha kawaida cha 0.3. Vitenzi ni vigumu zaidi, kwani anasoma na walisoma hufikia takriban 0.21 tu, na jino na meno karibu 0.11. Kwa maneno ya aina hiyo unaweza kuandaa kamusi ya visawe, ambayo PostgreSQL huikubali, ukianza na maneno ambayo watumiaji wako huyatafuta hasa. Ni kazi ya mikono, na ningefurahi kuona wasanidi wetu wakiifanya pamoja na kuichapisha wazi, kuliko kila mmoja kuianza upya peke yake.

Nakala rudufu zichukuliwe mara ngapi?

Jiulize ni kazi ya saa ngapi unayoweza kumwomba mteja airudie. Duka huenda likavumilia siku moja, hospitali haivumilii. pg_dump na mysqldump, zana za kutoa nakala za PostgreSQL na MySQL, zinatosha kwa hifadhidata ndogo, zikiendeshwa kila usiku na matokeo kuhamishwa mbali na seva yenyewe.

Muhimu zaidi ni kuirejesha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, kwa ratiba, na kuhesabu kilichomo. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhia msimbo wa programu, akiwa katika harakati za kurekebisha tatizo usiku, alifuta data kwenye seva kuu badala ya ile ya akiba, takriban gigabaiti 300. Walipotafuta nakala, waligundua kwamba zile za pg_dump hazikuwa zikichukuliwa kwa sababu ya toleo lisilooana, na barua pepe za onyo hazikuwa zikifika. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya ajali. Kampuni hiyo ilieleza kila kitu hadharani, na ninaiheshimu kwa hilo.

Nifanye nini kuhusu usalama?

Usiache mlango wa hifadhidata wazi kwa intaneti nzima, iwe 5432 ya PostgreSQL, 3306 ya MySQL au 27017 ya MongoDB. Mwezi Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizowekwa bila nywila zilifutwa na wahalifu walioacha ujumbe wa kudai fidia. Usiunganishe maneno ya mtumiaji moja kwa moja na hoja ya SQL; tumia hoja zenye vigezo, ambamo maneno hayo hupelekwa kando na hoja, na ambazo kila lugha ya programu inazo. Programu yako iingie kwa akaunti yenye ruhusa inazozihitaji tu. Ikiwa unatunza taarifa za watu, Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa data za mwaka 2019, Rwanda ya mwaka 2021, na Tanzania ya mwaka 2022.

Nisakinishe toleo lipi?

PostgreSQL hutoa toleo kuu kila mwaka na hulihudumia kwa miaka mitano, kwa hiyo chukua la karibuni ambalo mtoa huduma wako analo. MySQL 5.7 iliacha kuhudumiwa mwezi Oktoba 2023. Ukiikuta bado inafanya kazi mahali fulani, chukua nakala rudufu, jaribu kuirejesha kwenye toleo jipya pembeni, na upange usiku wa kuhama.